"Mrudishe paka kwenye asili yake": asili ipi, ya Mbulu au ya California?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mbulu. Siku ya pili tu mdogo wangu, ambaye ana mimba ya miezi mitano, akanifuata na simu mkononi. "Kaka, wewe si ndiye unasoma mambo haya? Sikiliza hii, halafu uniambie kama ni kweli."

Ilikuwa sauti ya dakika nne hivi, ya zile zinazozunguka kwenye makundi ya familia. Msemaji anaongea vizuri, hana papara. Hoja zake ni tatu. Kwanza, paka ni mla nyama, kwa hiyo ugali na maziwa vinamdhoofisha. Pili, dawa yake ni nyama mbichi, na aachwe ale panya, "kama Mungu alivyomuumba". Tatu, sayansi ilishathibitisha: daktari mmoja wa Marekani alichunguza paka 900, waliokula vibichi wakastawi, waliokula vilivyopikwa wakafa kizazi baada ya kizazi.

Mama, aliyekuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. "Paka ni wa kulinda mahindi. Mmeanza lini kumpangia chakula?"

Nimeona niijibu sauti ile hapa, maana inastahili kujibiwa kwa makini. Sehemu yake ni kweli kabisa, na ukweli huo ndio unaoifanya sehemu iliyobaki iwe ya hatari.

Pale aliposema kweli

Hoja ya kwanza naikubali, hata naona msemaji angeweza kuisisitiza zaidi. Watafiti waliokusanya takwimu za chakula cha paka wanaojitafutia wenyewe walikadiria kwamba karibu asilimia 52 ya nishati yao hutoka kwenye protini, 46 kwenye mafuta, na 2 tu kwenye wanga. Sasa linganisha na sahani ya paka wa kawaida wa Mbulu au Hanang: ugali uliobaki jana, mchuzi kidogo, na maziwa siku ng'ombe akitoa vizuri. Tumempindulia chakula juu chini.

Na mwili wa paka hauna ujanja wa kufidia. Mbwa au binadamu akila karoti, mwili hubadilisha rangi ile ya njano kuwa vitamini A. Paka hawezi, lazima aipate tayari kwenye mnyama. Mwaka 1975 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba paka anayekosa taurini, kiini kinachopatikana kwenye nyama na samaki na karibu hakipo kabisa kwenye nafaka, huharibika retina na anaweza kuwa kipofu. Mwaka 1987, katika jarida hilohilo, timu ya Paul Pion ikaonyesha kwamba upungufu huohuo hudhoofisha misuli ya moyo, na kwamba paka wengi walipona walipopewa taurini.

Kwa hiyo yule paka wa jirani "anayezeeka haraka" na kugonga miguu ya meza huenda hajazeeka. Huenda ni ugali.

Paka 900 wa Dk. Pottenger

Daktari anayetajwa ni Francis Pottenger wa Monrovia, California. Kuanzia 1932 hadi 1942 alifuga paka kwa ajili ya utafiti wa dawa za tezi zilizo juu ya figo. Akaona kwamba waliokula mabaki ya nyama iliyopikwa walikuwa dhaifu kuliko waliopewa nyama mbichi. Akawafuatilia kwa vizazi kadhaa, na taarifa yake maarufu ikatoka mwaka 1946. Hayo yote yalitokea kweli. Tatizo ni kile tunachoambiwa yamethibitisha.

Pottenger aliona tofauti, sababu hakuipima. Mwaka ule hakuna aliyekuwa akijua kwamba paka lazima ale taurini; ilibidi kungoja miaka karibu 30. Leo tunajua kwamba nyama ikichemshwa, sehemu kubwa ya taurini huhamia kwenye maji. Ukimwaga maji yale na kumpa paka mnofu mtupu, umemnyima kitu muhimu. Basi maelezo yanayokaa vizuri zaidi na ushahidi wa baadaye ni kwamba paka wake walipungukiwa na kiini fulani. Haimaanishi kwamba moto wenyewe ni sumu.

Tena tazama paka wa Pion. Wale walikuwa wanakula chakula cha kiwandani, kilichopikwa. Viwanda vilipoongeza taurini, ugonjwa ule wa moyo ukapungua sana, na chakula kiliendelea kuwa kilekile kilichopikwa. Kama msemaji wetu angekuwa sahihi, jambo hilo lisingewezekana. Hapa ndipo hoja yake ya tatu inapovunjika, na ya pili inabaki haina mguu wa kusimamia.

Panya wa Mbulu si panya wa kwenye kitabu

Kasoro iliyonikera zaidi ni nyingine. Sauti ile inazungumza kana kwamba "asili" ni mahali pamoja, safi, palepale duniani kote. Asili ya Mbulu ina historia yake.

Mwaka 2007 wilaya yetu ilipata mlipuko wa tauni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walikuja kutega panya na wanyama wengine wadogo ili kujua ni wepi wanaoweza kuwa wanahifadhi bakteria wake, na wakachapisha matokeo mwaka uliofuata. Tauni huishi kwa panya na husafiri na viroboto wao. Paka akimla panya mgonjwa anaambukizwa, tofauti na mbwa ambaye mara nyingi haugui sana. Paka huugua vibaya: homa, mitoki ya shingoni na chini ya taya inavimba, wakati mwingine mapafu. Huko magharibi ya Marekani, kati ya 1977 na 1998, watu 23 walipata tauni kupitia paka, na watano wakafa. Walikuwa wafugaji na hata madaktari wa mifugo, watu waliomshika paka mgonjwa kwa nia njema.

Sitaki kumtisha mtu. Mlipuko si jambo la kila siku, na tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa. Lakini kumwambia mtu wa Mbulu "mwache paka ale panya, ni salama kwa sababu ni asili" ni kusema bila kuuliza unasema na nani.

Halafu kuna toksoplasma, na hapa ndipo nilipomtazama mdogo wangu. Paka hukipata kimelea hiki kwa kula panya au nyama mbichi, kisha kwa wiki kadhaa hutoa mayai yake kwenye kinyesi. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kudhurika macho na ubongo. Katika dakika zote nne, neno "mjamzito" halikutajwa hata mara moja. Na hapa kwetu, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili za minyoo ya tegu kwa nguruwe 17 hivi katika kila 100 waliokaguliwa, kazi ya miaka ya kuwaambia watu "nyama ya nguruwe ipikwe iive" haihitaji sauti nyingine jikoni inayosifu ubichi.

Ushauri ambao angeweza kuutoa

Ukosoaji ukiishia kubomoa hausaidii paka. Ukweli wa msemaji ungeweza kutengenezewa chakula cha hapahapa, bila friji na bila supamaketi.

Dagaa ndio jibu la karibu. Wanauzwa Mbulu mjini na Katesh, wana protini na taurini, na mifupa yao laini inaleta kalsiamu ambayo mnofu mtupu hauna. Waoshe kupunguza chumvi na mchanga, wachemshe kidogo, na maji usimwage: mpe nayo. Moyo na firigisi za kuku ni nzuri, zikipikwa hivyohivyo. Ini lisiwe la kila siku, kwa sababu vitamini A ikizidi kwa muda mrefu hugandisha mifupa ya shingo ya paka. Ugali ukiwepo uwe kidogo, wa kushikanisha tu. Maziwa mabichi yakimharisha, jaribu mtindi au uache. Paka wengi wakikua hawaimudu tena sukari ya maziwa. Na badilisha taratibu, siku saba hadi kumi. Paka akigoma kula siku mbili usimkomoe kwa njaa, ini lake linaweza kuharibika.

Panya atawakamata tu, hilo mama yuko sahihi. Inawezekana akipungukiwa na njaa atawinda kidogo zaidi: utafiti wa Exeter, Uingereza, wa mwaka 2021 ulikuta paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi wakileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36. Kwa mwenye mahindi stoo hiyo ni habari chungu na tamu, na kila nyumba italazimika kupima yenyewe. Lakini wengi wakifa ghafla bila sumu, au paka akivimba shingo, usimshike. Mwite ofisa mifugo wa kata, na mwenye homa awahi hospitali.

Mdogo wangu nilimjibu hivi: paka abaki, ale dagaa waliopikwa, na kinyesi chake mtu mwingine akizoe kila siku, kwa sababu mayai yale huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mboga zioshwe, mikono ioshwe baada ya kazi ya bustani. Akauliza nani atakizoa.

Mama akanitazama mimi.