Upande wa Pili Ndiko Kwenye Chemko

Aliyezijua nyimbo za dansi kupitia simu tu huenda hajui kwamba nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimekatwa vipande viwili. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika nne hivi kila upande, na wimbo wa mwanamuziki kama Mbaraka Mwinshehe haukuenea humo. Upande wa kwanza mashairi, kisha sauti inafifia. Upande wa pili magitaa na saksafoni, ndiko kwenye chemko.

Kwa hiyo kumiliki santuri hakukutosha, ulipaswa kujua kuigeuza. Unaishika ukingoni kwa viganja, kidole kisiguse mifereji, unapitisha kitambaa laini, sindano unaishusha pole pole, na watu wamesimama katikati ya sakafu wanakutazama. Fundi hasa aligeuza kabla jasho halijawakauka.

Kisha ikaja kanda, ikatufanya sote wakusanyaji. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi za humo zilipigwa hewani tu, dukani hukuzipata. Ukizitaka, ukae na redio kaseti, vidole viwili juu ya vitufe viwili, umsikilize mtangazaji anavyovuta pumzi ili ujue lini atanyamaza. Mara nyingi hakunyamaza kwa wakati. Mpaka leo zipo nyimbo ambazo nikizisikia bila sauti yake naziona zimepungukiwa. Wazoefu tulipenda kanda za dakika 90. Zile za 120 utepe wake ulikuwa mwembamba, redio ikizila hata kalamu ya Bic haizirudishi sawa. Wimbo ukishaupenda, unavunja kile kijino cha juu ya kanda, asije mdogo wako akarekodi mpira juu yake.

Sidii sina la kuisemea. Ilikwaruzika, ikapita.

Kisha zikaja flashi, nyimbo mia kwa bei ya soda, na fujo ya majina. Wimbo wa bendi ya Msondo umeandikwa ni wa Sikinde. Mwimbaji Marijani Rajabu wa enzi za bendi ya Safari Trippers amewekwa Dar International, bendi yake ya baadaye. Atakayeliona kosa hilo ni yule aliyesikiliza miaka mingi, anayezijua bendi kwa namna wapuliza tarumbeta wanavyoingia. Na simu siilaumu: imenipa nyimbo nilizokata tamaa nazo, pande mbili zimeunganishwa, ingawa sikio langu bado linapakamata pale mshono ulipo. Ila inanitajia bendi tu, pengine na mwimbaji. Nani alipiga solo? Besi ya nani ile? Majina hayo wanayo wazee wachache waliokuwa jukwaani au waliokuwa wakicheza mbele yake, nami nawafuata na daftari. Nawachezea wimbo, wanaanza kubishana, naandika majina yote mawili.