Kushuka Ndio Ngoma

Mpanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwetu Kiboko, Makueni, methali hii haihitaji kufafanuliwa. Hapa kando ya barabara ya Mombasa, kabla hujafika Makindu, miti yenye miiba imetuzunguka, na Vilima vya Chyulu vimejipanga upande wa pili kama ng'ombe waliolala. Mtoto wa huku hujua mapema kwamba tawi lililombeba akipanda laweza kumkana akishuka. Lakini methali yenyewe tumeitumia nusu tu. Tunamtishia nayo anayetamani makubwa, au tunamcheka nayo aliyekwama juu. Kushuka kwenyewe hatukufundishi. Ndiyo maana nataka kuwasifu watu wa milima ya Austria, ambao waliketi wakaufanya ushukaji kuwa ufundi wenye walimu, shule na vifaa vyake.

Asidhani mtu kwamba theluji ni jambo geni huku kwetu Ukambani. Tarehe 3 Desemba 1849 mmishonari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, kwenye himaya ya Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara aliyekwisha kuujua mlima huo na weupe wake. Na asubuhi isiyo na mawingu, aliye juu ya Chyulu huiona Kilimanjaro na kofia yake. Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, alifika kilele cha mlima huo pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, Austria. Vitabu vyetu vya shule vilituimbia safari hiyo ya kupanda. Havikutuambia kwamba miaka kumi baadaye, akishuka kutoka kilele kimoja cha Alps, Purtscheller alianguka akaumia vibaya, na mwaka 1900 akafariki. Mlima uliomshinda ni ule aliokuwa amekwisha kuupanda.

Wakati huohuo, nchini kwake, wengine walikuwa wameanza kulishughulikia swali la kushuka. Kitzbühel, mji mdogo wa Tyrol uliopewa hadhi ya mji mwaka 1271 na kutajirika baadaye kwa machimbo ya fedha na shaba, ulikuwa na mkazi aitwaye Franz Reisch. Alisoma habari za Fridtjof Nansen kuvuka Greenland kwa skii, mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, akaagiza jozi kutoka Norway, na mwaka 1893 akateremka nazo kutoka Kitzbüheler Horn. Skii za Norway zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya mabonde mapana na vilima vya wastani. Kwenye miinamo mikali ya Alps zilimpeleka mtu zilikotaka zenyewe. Mathias Zdarsky, huko Lilienfeld, alizifupisha, akatengeneza kifungio cha chuma cha kuushika mguu barabara, na mwaka 1896 akachapisha kitabu cha mbinu zake. Baada yake alikuja Hannes Schneider, ambaye mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, alianza kuwafundisha wageni wa hoteli huko St. Anton. Utaratibu wake wa kumtoa mwanafunzi hatua moja hadi nyingine ulienea duniani kwa jina la Arlberg, eneo alikotoka.

Somo la kwanza la utaratibu huo ndilo lililonifanya niupende. Mwalimu hamwambii mgeni aende. Humfundisha kwanza kuanguka ubavuni, mbali na magoti, na kuinuka bila kushikwa mkono. Kisha humwonyesha kukaribianisha ncha za mbele za skii na kutanua visigino, umbo la kabari, ili theluji imzuie. Ukiyakandamiza makali ya ndani, unasimama, ukiyalegeza, unakwenda. Halafu linakuja jambo ambalo mwili wote hulikataa: uzito unatakiwa uegemee mguu wa upande wa bondeni. Mtu mzima anayeogopa hujivuta nyuma kuelekea mlimani, na akishafanya hivyo skii zinamponyoka, kwa sababu sehemu ya mbele inayozigeuza haina tena uzito juu yake. Ili uwe salama huna budi kuelekea kule unakokuogopa. Watoto wa miaka mitano hulielewa hili kabla ya chakula cha mchana. Sisi wenye vitambi hutuchukua siku, tukitoa jasho kwenye baridi kali, huku watoto hao wakitupita na kutusalimia kwa adabu.

Jioni ufundi huo huhamia karakana. Fundi huibana skii mezani, tumbo likiwa juu, akapitisha kidole chake kwenye ukingo wa chuma kuanzia ncha hadi mkia akitafuta mahali jiwe lilipoung'ata. Ukingo huo wenyewe una historia: Rudolf Lettner wa Salzburg, baada ya mbao zake kukosa kushika kwenye barafu, alibuni vipande vyembamba vya chuma vya kufungwa pembeni, akapata hataza yake mwaka 1926. Fundi akipata kasoro huchukua tupa na kuivuta kwa mikono miwili, upande mmoja tu, haendi akirudi. Kisha huyeyusha nta kwa pasi, akaitandaza, akaiacha ipoe, akaikwangua karibu yote. Inayobaki ni ile iliyoingia ndani. Nta ya siku ya baridi kali si ile ya siku theluji inapoanza kulowa, kwa hiyo kabla ya kuchagua hutazama kipimajoto.

Nilipomwonyesha picha za karakana hiyo mzee mmoja mchonga vinyago wa huku kwetu, hakushughulika na milima. Aliuliza, "Kijana, hizo mbao ni za mti gani?" Nikamweleza kwamba zamani zilikuwa za ashi au hikori, na kwamba hata leo, chini ya plastiki na chuma, nyingi bado zina moyo wa mti. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama aliyesikia habari za ukoo. Yeye huchonga muhuhu na mwarobaini kwa tezo, na anajua kwamba kazi nzima ni kupunguza: gogo lina kila kitu tayari, fundi anaondoa kisichotakiwa. Mtelezaji naye hana haja ya kuongeza kitu. Mlima unampa mwendo bure, tena mwingi kuliko anaouhitaji. Kila anapopinda anauchonga mwendo huo, akibakiza kiasi kinachomfaa.

Walio hodari hubakiza mwingi. Kila Januari, Kitzbühel hufanya mashindano ya Hahnenkamm, yaliyoanza mwaka 1931. Njia ya Streif ina urefu wa zaidi ya kilomita 3.3 na huporomoka mita 860. Penye sehemu iitwayo Mausefalle mwinamo hufikia asilimia 85. Fritz Strobl aliimaliza mwaka 1997 kwa dakika 1 na sekunde 51.58. Ukitazama kwa makini utaona kwamba mshindi haonekani kufanya mengi. Anayepapatika mikono ndiye anayepoteza muda. Kwenye barafu ile makali yaliyonolewa jana jioni na uzito uliowekwa mguu sahihi ndivyo vinavyoamua.

Nasi Wakenya tumekwisha kuingia katika mchezo huo. Philip Boit, mkimbiaji wa Bonde la Ufa, alishindana katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika skii za mbio ndefu, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria tangu utotoni, alikuwa mwaka 2018 mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi, kwenye skii za mteremko. Mzaliwa wa pwani alijifunza kushuka mahali penye ufundi huo, akaumudu.

Likizo ya kwenda kujifunza skii ni ghali, sikatai, na inazidi kuwa ghali kwa sababu theluji yenyewe inapungua. Kitzbühel imekaa chini, mita 762 tu juu ya bahari, na sasa mitambo hurushia mlima theluji iliyotengenezwa kwa maji ya mabwawa. Mtu wa Makueni, anayejua thamani ya maji yanayozama Chyulu na kuibukia chemchemi ya Kiboko, hawezi kuliona jambo hilo bila kupiga hesabu. Kilimanjaro nayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Huenda ufundi ukadumu kuliko theluji iliyouzaa.

Hata hivyo ningetamani somo lake litufikie. Sisi hupigia makofi kupanda: cheo, daraja la mtihani, kiti cha siasa. Wa kumwandaa mtu kwa kustaafu, kushindwa uchaguzi, kufunga duka au kuzeeka hatuna, na tunashangaa wakubwa wetu wanapong'ang'ania tawi hadi livunjike. Katika shule za skii, wiki ikiisha, watoto hushindanishwa na karibu kila mmoja hupata medali. Mstari wa kumalizia huchorwa bondeni, na wazazi husimama hukohuko kuwashangilia. Kule juu lifti imewafikisha wote, hakuna wa kusifiwa.