Ingia kama Mwanafunzi

Ukitaka kujua kama wahadhiri wa chuo fulani wamefundwa wakafundika kutumia teknolojia, usianzie kwenye ukumbi wa semina. Ukumbini kila kitu hupendeza: bango limetundikwa, projekta inawaka, wahadhiri wanapakia slaidi huku mkufunzi akiwachungulia begani, chai ya saa nne ina sambusa, na siku ya mwisho vyeti vinagawiwa. Subiri wiki ya tano ya muhula. Hapo omba ruhusa ya kuingia kwenye kozi yenyewe, na uingie kama mwanafunzi. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni uliotolewa mwaka 2002 na sasa unatumiwa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, humruhusu mwalimu kubadili nafasi yake na kuiona kozi kama mwanafunzi anavyoiona. Ukimkuta mhadhiri ana mazoea ya kufanya hivyo kabla ya kila Jumatatu, jua aliyemfundisha alijua kazi.

Tumia simu, si kompyuta ya ofisini yenye intaneti ya chuo. Washa bando lako mwenyewe. Jiulize: ndani ya dakika mbili nimejua wiki hii nifanye nini, kitanichukua muda gani, na mwisho ni lini? Kozi nyingi hushindwa hapo hapo. Unafungua unakuta stoo: mafaili kumi na saba yamepangana, moja linaitwa «Lecture 3 final mpya», jingine «Lecture 3 final mpya (2)», na hakuna sentensi hata moja inayomsemesha mtu. Kupakia notisi ni kazi ya karani. Aliyefundwa kutayarisha kozi huandika aya fupi juu ya kila wiki: tunatafuta nini, anza na kipi, kipi unaweza kukiacha kama bando limekata.

Angalia uzito pia. Sauti ya dakika 10 iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki megabaiti 5, ilhali video ya mhadhara wa saa nzima yenye picha safi hula mamia ya megabaiti. Mhadhiri anayejua hesabu hiyo hupunguza picha kabla ya kupakia slaidi, na huwaelekeza wanafunzi kutumia programu ya simu ya Moodle, inayowawezesha kupakua masomo wakiwa chuoni na kuyasoma nyumbani bila mtandao.

Video zisikutie kiwewe. Vyuo vinapenda kuonyesha studio mpya, taa na kamera. Mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua mwaka 2014 vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye kozi za mtandaoni za jukwaa la edX, wakakuta kwamba hata video iwe ndefu namna gani, muda wa kawaida wa kutazama haukuzidi dakika 6, na kwamba mwalimu aliyejirekodi mezani kwake kwa mtindo wa mazungumzo aliweza kuwavuta watazamaji kuliko rekodi za studio za gharama. Kwa hiyo mhadhara wa dakika 90 uliopandishwa mzima mzima ni dalili mbaya, hata kama mhadhiri amevaa suti.

Mahali pa kukaa zaidi ni kwenye maelekezo ya kazi. Hapo ndipo ufundi unapoonekana, au kukosekana. Chukua kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza. Kozi moja imeandika: «Jadili umuhimu wa mediani katika utafiti. Changia.» Ya pili imeandika hivi:

«Kwenye jedwali la wiki hii kuna bei za mahindi katika masoko matatu kwa miezi 12. Chagua soko moja. Kwa maneno yasiyozidi 120, eleza kipi kinamfaa mkulima anayetaka kujua bei ya kawaida, wastani au mediani, ukitaja mwezi mmoja uliokufanya uamue hivyo. Weka jibu lako kabla ya Jumatano saa sita usiku. Kufikia Ijumaa, mjibu mwenzako mmoja aliyefikia uamuzi tofauti na wako.»

Kwa ile ya kwanza, wanafunzi mia moja watanakili aya ile ile, siku hizi kutoka kwa akili unde, na mhadhiri atasoma jibu moja mara mia. Ya pili haizuii kila ujanja, lakini imemlazimu mwanafunzi afungue jedwali, achague, atetee uchaguzi wake, kisha amsome mwenzake. Kikomo cha maneno 120 nacho kimemhurumia anayechapa kwa kidole gumba. Gilly Salmon wa Uingereza aliandika kitabu kizima kuhusu shughuli za namna hii mwaka 2002, kwa hiyo hakuna siri. Ugumu ni kwamba maelekezo kama haya huandikwa kwa nusu siku, na semina nyingi hutenga robo saa.

Halafu fungua maswali ya kuchagua, na usome majibu yasiyo sahihi. Tuseme swali linatoa mauzo ya siku ya wachuuzi watano kwa maelfu ya shilingi, yaani 2, 28, 6, 2 na 4, kisha linaomba mediani. Jibu ni 4. Mtunzi mvivu ataongeza 50, 100 na «yote hapo juu». Mtunzi fundi ataweka 6, 8.4 na 2. Anayechagua 6 amesahau kupanga namba, anayechagua 8.4 amechanganya mediani na wastani. Wa 2 amechukua namba iliyojirudia. Kila kosa linamwambia mhadhiri cha kurudia kesho yake. Mfumo wenyewe humsaidia, kwani baada ya jaribio Moodle hutoa takwimu za kila swali. Swali wanalolikosa wanafunzi wazuri na kulipata wanaosuasua lina kasoro, na mhadhiri mzuri hulitengeneza au hulitupa. Ukikuta benki ya maswali haijaguswa tangu ilipoundwa, hakuna anayesoma takwimu hizo. Linganisha pia vitenzi: mwongozo wa kozi ukiahidi kwamba mwanafunzi ataweza «kuchambua», na mtihani ukamwambia «taja», kozi imevunjika kiuno. Mtaalamu wa elimu John Biggs amelisema hilo tangu 1996.

Kuhusu jukwaa la majadiliano, mimi si mkali kama wakaguzi wengine. Wanafunzi wetu wanaulizana kwenye WhatsApp, na kiongozi wa darasa ndiye mnadi wa habari zote. Sawa tu. Ninachokataa ni tarehe ya mwisho ya kazi kuwa WhatsApp peke yake, maana aliyepoteza simu amepoteza muhula.

Sasa rudi kwenye mafunzo yaliyoizaa kozi hiyo. Watafiti Punya Mishra na Matthew Koehler walieleza mwaka 2006 kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wa somo, wa kufundisha na wa teknolojia, na zaidi ya yote ujuzi wa kuviunganisha. Semina dhaifu hufundisha vitufe tu: bofya hapa, hifadhi pale. Semina nzuri humtaka kila mhadhiri aje na kozi yake halisi ya muhula ujao, na asubuhi ya kwanza kompyuta hufunikwa ili watu waandike kwa kalamu mwanafunzi atakachoweza kufanya mwishoni. Bora zaidi ni ile inayoanza wiki moja kabla, wahadhiri wenyewe wakiwa wanafunzi kwenye kozi ya mtandaoni. Profesa aliyewahi kupewa sifuri na mfumo kwa kuchelewa dakika mbili huandika maelekezo kwa heshima zaidi.

Muulize mkufunzi swali moja: wiki ya pili ya muhula, alama 40 za tathmini endelevu zinapogoma kujumlishwa, mhadhiri anampigia nani? Kama jibu ni «atume barua pepe», ondoa alama. Machi 2020 vyuo vilipofungwa, wengi walijikuta peke yao namna hiyo, na watafiti wa Marekani wakaupa ufundishaji ule jina lake stahiki, wa mbali na wa dharura. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kusomesha mwaka 1971, kiliziunda kozi zake kwa timu: wanataaluma, wahariri, watayarishaji wa vipindi wa BBC. Kwetu mtu mmoja ndiye yote hayo, tena ana mihadhara na tasnifu za kusimamia.

Ndiyo maana swali la mwisho la kuuliza halimhusu mkufunzi kabisa. Uliza ofisi ya taaluma kama saa za kutayarisha kozi zinahesabiwa kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri, na kama zina uzito wowote anapoomba kupanda cheo. Zisipohesabiwa, kozi nzuri utakazozikuta ni za watu wachache wenye moyo, na mmoja wao akienda masomoni, kozi yake itafunguliwa muhula unaofuata ikiwa na tarehe za mwaka jana.