Sundarar, Mshairi Aliyemteta Mungu

Washairi watatu wakubwa wa Kitamil walimwimbia Shiva, mungu wa Kihindu, kila mmoja kwa namna yake: Appar kama mtumishi, Sambandar kama mwana, na Sundarar, wa karibu karne ya 8, kama swahiba. Huyu wa tatu ndiye anayenishika.

Sekkizhar, aliyeandika maisha yake katika karne ya 12, anasimulia kwamba Paravai, mkewe wa mji wa Tiruvarur, alimsusia baada ya kusikia ameoa mke mwingine. Sundarar akamtuma Shiva akambembeleze. Mungu akaenda kwa miguu usiku, kwa sura ya kuhani, akakataliwa. Akarudi tena kwa sura yake mwenyewe, na Paravai akalegea. Kupeleka posa na kupatanisha ndoa ni kazi ya rafiki, na Shiva hakuiona ndogo.

Lakini urafiki huo umekaa hasa kwenye tungo. Wimbo una beti kumi hivi, kibwagizo kinachorudi, na ubeti wa mwisho ambamo anajitaja jina, kama malenga wetu wanavyofanya kwenye tamati. Ndani yake anatia shida za nyumbani bila haya. Katika mmoja amepewa mpunga, hana wa kuubeba, na Paravai ana njaa. Anamtaka Shiva alete wachukuzi.

Ninaouona bora kuliko zote ni ule wa upofu. Alimwapia mke huyo wa pili, Sangili, kwamba hatamwacha, akavunja kiapo, akapofuka. Jicho moja alirudishiwa mjini Kanchipuram. La pili akalidai Tiruvarur kwa wimbo huu. Anaanza kwa kukiri utumwa wake, ndipo anateta. Na kibwagizo alichochagua ni dua: anamtakia Mungu maisha mema. Ikiwa peke yake ingesikika kama heshima. Baada ya malalamiko inachoma, na kila ikirudi inachoma zaidi, ingawa maneno ni yaleyale. Mtumishi asingethubutu; adui angetukana. Sundarar amepata sauti iliyo katikati, na haimponyoki hata kwenye ubeti mmoja.

Nyimbo zake 100 ndizo kitabu cha 7 cha Tirumurai, mkusanyo wa tungo takatifu za waumini wa Shiva, na waimbaji waitwao othuvar wanaziimba mahekaluni hadi leo. Ukipata rekodi ya huo wa Tiruvarur, hata kama hujui Kitamil, fuatilia kibwagizo.