Korongo Linafungwa na Nani?

Ukiwa chini kwenye korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mbingu yote ni utepe mwembamba. Kuta ni majivu ya volkano yaliyogandamana, na mahali pengine maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye mwamba. Inua macho uzikague nyufa. Ukikuta vijiti na nyasi kavu zimekwama juu kuliko kichwa chako, ujue hazikupandishwa na upepo.

Korongo hili lilichongwa na maji ya ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, yalipofurika na kutafuta njia ya kusini. Ziwa lilishuka, mkondo ukabaki. Mvua ikipiga miinuko ya jirani, maji hayana pengine pa kupita.

Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walifia humo. Septemba 2019 mafuriko yakabeba kundi la watalii, na miongoni mwa waliofariki alikuwamo mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likayafunga makorongo ya hifadhi. Wengi walizipokea habari hizo kama ajali ya Mungu. Mimi naona kasoro ya mpangilio, na kifo cha kiongozi ndicho kinachoifichua. Mwenyeji anaijua kila hatua ya njia, lakini akishateremka anaona utepe uleule wa mbingu anaouona mgeni. Tena riziki yake iko katika kuingia, si katika kuahirisha. Kumwachia yeye peke yake uamuzi wa kuingia au kutoingia ni kumwonea.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua maji mita za ujazo 4 kwa sekunde, yakitembea mita 2 kila sekunde. Kwenye uwanda wenye upana wa mita 20, kina chake ni sentimita 10. Unavuka na viatu vyako. Yabane maji hayohayo kwenye mlango wa mita 2, kwa kasi ileile, na kina kinafika mita nzima. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kumsukuma mtu huwa mara nne, na sentimita 15 tu za maji yaendayo mbio zinatosha kumwangusha mtu mzima. Kuogelea hakusaidii kitu hapo, maana maji hayo huja na mawe na magogo.

Wenzetu waliokwisha kuumia wamelifanyia nini jambo hili? Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon, kwenye ardhi ya Wanavajo huko Arizona, Marekani, kwa mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa. Ngazi za mbao zilisombwa. Baadaye ziliwekwa ngazi za chuma zilizofungwa kwa bolti, ikawa hakuna kuingia bila kiongozi, na langoni pakawekwa redio ya taarifa za hali ya hewa pamoja na king'ora. Kwa maneno mengine, walimweka mtu nje ya korongo, mwenye habari za mbali na njia ya kuwafikia walio ndani.

Zion, katika jimbo la Utah, wanatumia namba. Mto Virgin una kipimo, na maji yakizidi takriban mita za ujazo 4.2 kwa sekunde, njia ya The Narrows inafungwa. Ni karibu kiasi kilekile cha hesabu yetu ya hapo juu. Uzuri wa namba ni kwamba haibembelezeki. Mgeni aliyesafiri kutwa nzima hana wa kumwomba amfanyie hisani. Samaria, kisiwani Krete, Ugiriki, wanatumia kalenda na tiketi: korongo hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba, na tiketi uliyokata juu inakaguliwa unapotokea chini, ili ijulikane kama kuna aliyebaki ndani. Karatasi tu, lakini naipenda kuliko bango lolote la "Ingia kwa hatari yako mwenyewe", ambalo kazi yake kubwa ni kumlinda aliyelisimika.

Kwa Ol Njorowa vifaa si tatizo. Kwenye vilima hivyohivyo kuna visima vya mvuke vya Olkaria, vinavyozalisha umeme tangu 1981. Nchi inayofua umeme kwa joto la ardhini haiwezi kushindwa na kipimo cha mvua na redio ya upepo. Kigumu ni kukubaliana mapema kiwango cha kufunga, na kumpa askari wa langoni mamlaka ya kukitekeleza hata Jumamosi yenye mabasi ya wanafunzi.

Mtembeaji naye ana wajibu wake. Ukuta laini usiuandike jina; mkwaruzo wa dakika moja unabaki miaka. Chakula kifungie mkobani, nyani wasizoee kupora. Tai wanaotaga kwenye majabali waache na utulivu wao. Ingia asubuhi, kwani radi za Bonde la Ufa hupenda alasiri. Langoni usiulize kama njia iko wazi, uliza mvua ilinyesha wapi tangu jana. Ukiwa chini, kila mara jua ulipo mwinuko wa karibu. Maji yakigeuka tope ghafla, au ukisikia mngurumo, panda hapohapo ulipo. Usikimbilie mlango mliouingilia, wala usirudi kuchukua begi.