Msuka Transfoma

Katika kazi zote za umeme, ninayoiheshimu kuliko nyingine ni ya fundi anayekaa kwenye stuli, chuma mbele yake na waya wa shaba mkononi, akizungusha na kuhesabu. Mafundi wa aina hii unawakuta Gerezani, jijini Dar es Salaam, hatua chache kutoka kelele za Kariakoo, na wenzao wapo katika kila mji wetu wenye karakana za kusuka mota. Wateja wao wengi wanakuja na mota za pampu na feni zilizoungua. Wapo pia wanaokuja wamekumbatia zawadi: cherehani, blenda, redio kubwa, kitu kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kikiwa kimefungwa vizuri katikati ya nguo. Ni kizima na kizito, na mgongoni kina kibandiko kilichoandikwa 120V, 60Hz. Ukutani mwetu soketi inatoa volti 230 kwa hezi 50.

Wengi hudhani tofauti hiyo inamalizwa na adapta ya plagi. Adapta inabadili umbo la pini tu, volti haiigusi. Chukua hita ya Kimarekani ya wati 1,200. Kwao inavuta ampea 10, maana yake upinzani wa waya wake wa ndani ni omu 12. Ichomeke kwenye volti 230 na waya uleule wa omu 12 utavuta ampea zaidi ya 19, na wati zitapanda hadi kama 4,400. Volti hazijafika hata mara mbili, lakini moto umekaribia mara nne. Waya ukikatika mapema, familia ina bahati. Usipokatika, kinachofuata ni plastiki kuyeyuka, kisha pazia.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya fundi mzuri ni kusoma. Anageuza chombo, anafuta vumbi kwa kidole, anasoma kibandiko hadi herufi ndogo. Akikuta 100-240V, 50/60Hz, kama ilivyo kwenye chaja nyingi za simu na kompyuta, anakurudishia na kukwambia ununue adapta uende zako. Hapo angeweza kukuuzia transfoma usiyoihitaji, na usingejua kamwe. Mimi hupima uaminifu wa karakana kwa jambo hilo dogo.

Nilikuwa nimekaa pembeni katika karakana moja ya Gerezani siku mama mmoja mshonaji alipofika na cherehani aliyotumiwa na binti yake.

"Fundi, nikatie hii plagi uniwekee ya pini tatu. Nina nguo za watu za sikukuu."

"Shikamoo, mama. Plagi si tatizo, lakini hii ukiichomeka ukutani haimalizi hata upindo mmoja."

"Marahaba. Mbona kwa binti yangu inashona?"

"Kwa binti yako ukuta una karibu nusu ya volti za hapa, mama. Niachie hadi Alhamisi."

Mama hakufurahi. Alhamisi ilikuwa mbali na sikukuu ilikuwa karibu. Fundi hakubishana naye wala hakupunguza siku. Aliandika kwenye daftari: wati 120, mota ya kaboni, yaani yenye brashi za kaboni ndani. Kisha akaamua kutengeneza transfoma ya wati 200, ili chuma kisifanye kazi kwa kujikamua.

Hesabu yenyewe mafundi wanayo kichwani. Unapima sehemu ya katikati ya chuma, pale koili itakapokaa, upana mara unene, upate sentimita za mraba. Kisha unagawa 45 kwa namba hiyo. Chuma cha mama yule kilikuwa na sentimita 15 za mraba, hivyo kila volti moja ilidai mizunguko 3. Volti 230 zikadai mizunguko 690. Upande wa pili volti 120 zikadai 360, na fundi akaongeza kidogo, maana volti hushuka kazi inapoanza. Ile 45 ni ya hezi 50. Anayenakili hesabu ya umeme wa hezi 60 ataangukia 37 na nusu, atasuka mizunguko michache kuliko inayotakiwa, na transfoma yake inaweza kuchemka hata kabla haijabebeshwa kitu.

Waya wa upande wa 230 ulikuwa wa milimita 0.7, mwembamba kwa sababu mkondo wake ni mdogo. Wa upande wa 120 ulikuwa wa milimita 1, kwa sababu volti zinaposhuka mkondo huongezeka. Aliupima kwa mikromita akikwangua kwanza rangi ya juu kwenye ncha. Rangi hiyo ndiyo kinga yote iliyopo kati ya mzunguko mmoja na jirani yake, na mkwaruzo usioonekana kwa jicho unatosha kuleta shoti ndani ya koili. Kwa hiyo waya unapita kati ya vidole vilivyoshika kitambaa, bila kuvutwa sana na bila kulegea, mzunguko ukilala ubavuni mwa mzunguko. Safu ikijaa, anaweka karatasi ya kuhami, anaanza nyingine. Kati ya koili ya 230 na ile ya 120 anaweka karatasi nyingi zaidi, na kingo zake anazipandisha ili waya wa pembeni usiteleze ukaingia upande wa pili. Hakuna anayemsemesha wakati huo. Akipotewa na hesabu hafanyi makisio: anafumua safu ile na kuianza upya. Nilimwona akifanya hivyo, mchana, jua likiwa juu ya bati, na sikuona dalili ya haraka usoni mwake.

Kazi hii ina asili ya mbali. Agosti 1831, jijini London, Michael Faraday, mtu aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuingia maabara, alizungusha koili mbili kwenye pete ya chuma na kuzitenganisha kwa kitambaa na uzi. Alipowasha na kuzima mkondo kwenye koili moja, sindano ya kipimo cha mkondo ilitikisika kwenye koili nyingine, ingawa shaba hizo mbili hazikugusana popote. Mwaka 1885, kiwanda cha Ganz cha Budapest kilitoa transfoma za chuma kilichofungwa pande zote, kazi ya Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri. Ni transfoma za aina hiyo zilizowezesha umeme wa bwawa la Kidatu kusafiri kwa volti 220,000 na kufika kwenye nguzo ya mtaa wako ukiwa umeshushwa hatua kwa hatua. Kilichokuwa juu ya meza ile ya Gerezani ni kifaa hichohicho, kwa ukubwa wa tofali.

Kwa nini koili mbili, wakati ipo njia ya kutumia moja? Transfoma nyingi za bei nafuu madukani zina koili moja tu, iliyochomolewa tawi katikati ili kutoa 120. Ni nyepesi, zinakula shaba kidogo. Lakini kipande cha chini cha koili hiyo kikikatika, chombo cha volti 120 hukutana na 230 nzima, bila onyo. Na hata ikiwa nzima, mtumiaji bado ameunganishwa moja kwa moja na waya wa nguzoni. Fundi niliyemwona hakubali kusuka ya koili moja kwa chombo kinachoshikwa na mkono, na nakubaliana naye kabisa. Shaba inayookolewa haifiki thamani ya hatari inayonunuliwa.

Lipo ambalo hata fundi bingwa hawezi kulifanya kwa chuma na shaba, na heshima yake ni kulisema mapema. Transfoma hubadili volti. Hezi huingia 50 na kutoka 50. Mota ya kaboni, kama ya cherehani ile, haisumbuki sana. Lakini saa ya ukutani inayofuata mapigo ya umeme wa hezi 60 itachelewa hapa dakika 10 kila saa. Gramafoni ya zamani itazunguka taratibu kwa sehemu moja ya sita, na sauti ya mwimbaji itashuka. Kwa gramafoni dawa wakati mwingine ipo: fundi mchonga vyuma anaweza kuchonga puli ya mota iliyo kubwa zaidi kwa uwiano wa sita kwa tano, na santuri ikarudi kwenye mwendo wake. Kwa oveni ya maikrowevu iliyojengwa kwa hezi 60 tu, ushauri mwema ni kutoisumbukia.

Baada ya kusuka huja vanishi, kisha kukausha, kisha kupima. Kifaa cha kupimia vihami, mafundi hukiita mega, hutuma volti 500 kati ya koili na chuma. Kikionyesha chini ya megaomu moja, kazi inarudi mezani. Kasha na chuma huungwa kwenye waya wa ardhi. Fyuzi huwekwa upande unaoingia. Hata kuunga nyaya za chombo kunataka mtu aliye macho, kwa sababu rangi zinadanganya: Marekani waya mweusi ndio wenye moto na mweupe ni nyutro, wakati katika nyumba zetu za zamani, zilizofuata utaratibu wa Kiingereza, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Siku hizi tuna kahawia na buluu. Fundi anayeamini rangi bila kupima kwa mita atauunga moto mahali pa nyutro.

Na soketi ya kutolea 120 isiwe ya pini tatu za mstatili kama za ukutani. Iwe ya Kimarekani, ya pini bapa mbili zilizosimama, na iandikwe 120V kwa wino usiofutika. Hapo plagi ya cherehani iachwe kama ilivyotoka kiwandani, na hakuna mtoto wala msaidizi wa kazi atakayeweza kuichomeka ukutani kwa kusahau. Mama yule alitaka plagi mpya. Hakupewa, na aliposikia sababu aliridhika.

Huko Marekani kwenyewe, kwa anayetaka kutumia chombo cha volti 230 kutoka hapa, hesabu ni nyingine, na ndugu zetu waishio kule waijue. Nyumba zao nyingi hupokea nyaya mbili zenye moto, kila mmoja volti 120 kwa nyutro, na 240 kati ya mmoja na mwingine. Soketi ya 120 inaweza kugeuzwa ya 240 bila transfoma, ikiwa iko peke yake kwenye njia yake. Fundi mwenye leseni atabadili sakitibreka iwe ya nguzo mbili, ili nyaya zote mbili zizimike pamoja. Waya mweupe, ambao sasa una moto, atauzungushia utepe mweusi au mwekundu. Na soketi ataiweka yenye pini za umbo jingine. Hezi zitabaki 60.

Wapo watakaosema kazi hii inakwisha, kwa kuwa vyombo vipya vingi vinapokea volti zozote. Kwa chaja ni kweli. Kwa cherehani, blenda na mashine za kukandia unga bado tunawahitaji watu hawa, na vijana wanaosomea umeme vyuoni wangefaa kupelekwa kukaa nao wiki kadhaa wasuke kwa mikono yao.

Ombi langu ni kwa ndugu walio ng'ambo: kabla hujafunga zawadi, geuza chombo usome kibandiko. Kikiwa cha 120V, 60Hz, na ni cha kupasha moto, kiache hukohuko utume fedha kinunuliwe cha hapa. Kikiwa cherehani, kitume, na ongeza ya fundi.