Sinema «Glory»: je, ushujaa ni kufa tu?

Ziko sinema za vita zinazotufurahisha kwa makelele ya bunduki, na kesho yake tumekwisha kuzisahau. «Glory», iliyotengenezwa Marekani mwaka 1989 na Edward Zwick, si ya namna hiyo. Mwenye kuitazama harudi nyumbani mikono mitupu. Lakini kitu kizuri nacho hupimwa. Basi, tukipime.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), Kaskazini ilipigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Mwaka 1863 jimbo la Massachusetts liliunda kikosi cha 54: askari Weusi, maofisa Wazungu. Mkubwa wao alikuwa Kanali Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25. Watu wengi walinung'unika wakisema: «Mweusi si askari, akisikia mzinga atakimbia.» Tarehe 18 Julai 1863 kikosi hicho kilitangulia wengine wote kuishambulia ngome ya Wagner, iliyolinda njia ya kuingia bandari ya Charleston.

Shambulio hilo ndilo kilele cha sinema, nalo limeonyeshwa vizuri sana. Usiku uliotangulia twawaona askari wakiimba na kusali kando ya moto. Kisha twawaona wamelala mchangani, kimya, wakingoja jua lishuke. Ngome si ya mawe. Ni mchanga na magogo ya miti. Pengine mtazamaji atasema: mchanga ni kitu gani? Ndipo walipokosea majemadari. Mizinga ya nchi kavu na ya merikebu ilipiga kutwa nzima, lakini mchanga humeza makombora, haupasuki kama jiwe. Walinzi walikuwa wamejificha katika mashimo yaliyofunikwa imara. Mizinga iliponyamaza, wengi wakatoka wakashika bunduki zao. Nao washambuliaji walikuwa na njia moja tu, ukanda mwembamba wa pwani, bahari upande huu, kinamasi upande ule. Mbele yao shimo lenye maji, na nyuma ya shimo ukuta. Haya yote twayaelewa kwa macho, bila maneno mengi. Wachezaji nao ni hodari. Denzel Washington, katika nafasi ya Trip, mtumwa aliyetoroka, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na alistahili.

Sasa makosa. Ni matatu.

La kwanza: Shaw ni mtu wa kweli, lakini Trip na wenzake wa hema moja wametungwa. Kwa nini kuwatunga watu, na wa kweli wapo? Sajenti William Carney, aliyezaliwa mtumwa, aliiokota bendera, akaifikisha ukutani, akairudisha huku amejaa majeraha. Kwa tendo hilo alipewa nishani kubwa ya taifa mwaka 1900. Lewis, mwana wa Frederick Douglass, alikuwapo vilevile. Tena wengi wa kikosi hawakuwa watumwa waliotoroka, bali watu huru wa Kaskazini. Sinema imetuachia jina la Mzungu, ikayaficha majina ya Weusi.

La pili: maandishi ya mwisho yasema ngome haikutwaliwa kamwe. Kwa shambulio, kweli, haikutwaliwa. Lakini baadaye askari wa Kaskazini walichimba mitaro, wakaikaribia ngome hatua kwa hatua, na usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Septemba 1863 adui akaiacha akaenda zake. Koleo lilifaulu pale mbio ziliposhindwa. Siku ile ya Julai Kaskazini ilipoteza watu zaidi ya 1,500, wafu, majeruhi na mateka. Kusini karibu 200 tu. Basi, nani aliyewatuma watu kukimbilia ukuta ule, tena baada ya shambulio lingine kushindwa pale pale tarehe 11 Julai? Sinema inawalilia wafu, lakini haimwulizi jemadari neno lolote.

La tatu ndilo kubwa. Askari hao waliahidiwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi, kama askari wengine. Baadaye wakaambiwa: Mweusi atapata 10, na 3 zitakatwa kwa ajili ya nguo. Wakakataa kupokea hata senti moja. Sinema yatuonyesha ghadhabu hiyo kwa dakika chache tu kambini, kabla ya vita. Lakini kwa kweli kukataa huko kuliendelea zaidi ya mwaka mmoja, baada ya Wagner. Jimbo la Massachusetts likataka kuwaongezea pesa zilizopungua. Wakakataa hizo pia, maana walidai haki, si msaada. Jamaa zao nyumbani walipata taabu. Februari 1864 walipigana tena huko Olustee, bado bila mshahara. Sheria ya kuwasawazisha ilitoka Juni 1864.

Fikirini jambo hili. Mtu aliyeamriwa kushambulia atashambulia, na wenzake wako ubavuni pake. Lakini kukataa pesa mwezi baada ya mwezi, huku barua za nyumbani zinalia njaa, nani aliwaamuru? Ushujaa huo hauna ngoma wala bendera, na sinema haikuwa na nafasi nao, maana inaishia shimoni, maadui wanapowatupa Shaw na askari wake katika kaburi moja. Hivyo mtazamaji aweza kudhani kwamba Mweusi alihitaji kufa mbele ya ukuta ili aonekane mtu. Sivyo. Alikuwa mtu kabla ya kuushika mchanga ule, na aliyajua hayo mwenyewe. Ndiyo sababu alikataa dola zile.

Watoto wadogo wasiitazame. Damu ni nyingi. Nyinyi wakubwa, itazameni. Na taa zikiwashwa, msiondoke upesi. Waelezeni vijana wenu habari ya mshahara.